Dada, Sikio Lililochanika Linashonwa

Ndiyo dada, hospitali nilikwenda, na hapana, siumwi. Uliniuliza juzi kwenye simu, "Wewe, hospitali umefuata nini?" Nikakujibu, "Nimekwenda kuangalia sikio," simu ikakata. Nikajua ni mtandao. Nikapiga tena, ukapokea, nikasema "sikio" tu, ikakata tena. Hapo nikaelewa kwamba mtandao ni wewe.

Basi, mpendwa dada yangu, nakuandikia. Karatasi haikatiki kama simu. Labda uichane, na mambo ya kuchanika unayajua kuliko mimi. Samahani, waitu, dada yangu, utani huo umenitoka, ndiyo wa kwanza na wa mwisho.

Unajua shule niliishia la nne, kwa hiyo ukiona herufi zimekaa vibaya zisogeze mwenyewe. Na barua hii naiacha wazi, asome anayetaka. Jina lako sijaweka. Hapa kwenye meza yangu ya hereni, siku za gulio Nshamba, wanapita wanawake wenye shida kama yako, mmoja anainama kuchagua huku ameshika kitambaa kisiteleze. Nao wasome.

Mimi siku hizi nimekuwa mtu wa masikio. Mteja akija namwangalia sikio kabla ya uso. Mke wangu ananiambia, "Baba Koku, iko siku utapigwa na mume wa mtu." Namwambia atanipiga kwa sababu gani, mimi naangalia nyama isiyo na faida yoyote. Lakini hata hivyo si kwamba haina faida. Najiuliza, Mungu alipomaliza kutengeneza sikio la kusikilizia, kile kinyama cha chini alikining'iniza cha nini? Kwa ajili yangu nipate kuuza hereni? Na nikifika hapo nakukumbuka wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia masikio ya watu.

Unakumbuka kwetu Kishanda, nyuma ya jiko, ulivyokuwa ukitoboa watoto wa kijiji kizima? Mwiba wa mlimau, uzi, mafuta kidogo, halafu kijiti cha ufagio kwenye tundu mpaka lipone. Leo wauguzi wangekufukuza na mwiba wako, lakini sikumbuki hata mmoja aliyeoza sikio. Mtoto akipiga kelele, mama yake naye anaanza kulia, wewe unasema, "Analia kwa sababu bado hajajiona." Siku ya Koku wangu ulikaa naye mapajani muda mrefu bila kufanya kitu. Unaangalia kulia, unaangalia kushoto, unaweka alama ya masizi, unaifuta. Nikakuuliza, "Dada, unatoboa au unapima kiwanja?" Ukanijibu bila kunitazama, "Huyu ni wangu. Sitaki matundu yapishane."

Hayapishani mpaka leo. Nimeyaangalia jana.

Halafu ile siku ya mkungu. Hatuongei habari zake, lakini leo tuongee. Ulikuwa unatoka kule chini kwenye kibanja cha migomba, umejitwika mkungu wa ndizi mkubwa kuliko wewe, na zile hereni zako za duara, ambazo mama alisema mbwa anaweza kuruka katikati yake. Mimi nimekaa kizingitini nakula karanga. Wifi yako akaja kukutua. Hakuna aliyeona kwamba duara la kushoto limeshaingia katikati ya vidole vya ndizi. Mkungu ukashuka, hereni ikashuka nao.

Hukulia. Ulisema tu, "Shikeni, ndizi zisichubuke."

Tukakuosha kwa maji ya chumvi, tukabana pande mbili pamoja, tukafunga kitambaa kichwani kama mtu wa jino. Kila mtu akasema litaungana lenyewe, mbona zinagusana. Tulipofungua, halikuungana. Kila upande umepona kivyake, safi kabisa, katikati njia. Hilo swali lilinikaa kichwani miaka yote, dada. Kidole ukijikata kinajifunga. Sikio lilikuwa limebanwa vizuri vile, kwa nini lilikataa?

Kwanza hukujali. Ulisema umebakiwa na moja, na padri hakagui masikio mlangoni. Mpaka ile harusi ya Muleba, yule mshereheshaji na kipaza sauti chake. Umesimama mbele kama shangazi wa bibi harusi, umeshika zawadi, naye anasema, "Shangazi mwenye sikio la alama ya mbuzi, asogee kidogo kamera ione maharusi." Ukumbi ukacheka. Ulimaliza kukabidhi, ukaketi, ukavuta kilemba mpaka shingoni. Kesho yake asubuhi ukarudi Mwanza kwa mwanao.

Tangu siku hiyo nimekufuatilia bila wewe kujua. Misibani unakuja. Msiba hata uwe wa jirani wa mbali unapanda basi unakuja. Harusi huji. Nilidhani unapenda huzuni, nikaanza kukuonea huruma. Ni mke wangu aliyenifumbua macho. "Msibani kila mwanamke amejifunika," alisema, "hakuna wa kumuuliza."

Sasa Koku anaolewa, kahawa ikishauzwa. Unajua hilo, ndiyo maana ulisema utatuma kitenge. Nilimpelekea habari ya kitenge. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Halafu akasema, "Baba, kitenge kitakaa pembeni yangu? Kitanikalisha chini kiniambie maneno ya shangazi?" Nikamwambia shangazi wadogo wapo, binti wa baba mdogo yupo. Akasema, "Matundu haya alitoboa nani?"

Ndiyo nikaanza kuuliza uliza. Kwanza niliwauliza wenzangu wanaouza hereni, kila mmoja ana uongo wake. Mmoja eti nyanya. Mwingine eti utomvu wa ndizi na kitambaa chekundu. Halafu yule Mama Adela anayeuza dagaa, tunayepakana meza Hamugembe siku ninazouza mjini, yeye sikio lake lilikuwa limerefuka mwaka hadi mwaka kwa hereni nzito, mpaka chini umebaki uzi wa ngozi, na mjukuu akaja akauvuta akamalizia. Akachukua gundi, dada, ile ya kubandikia soli ya kiatu. Akabandika asubuhi, akaniringia, "Nyinyi mnahangaika, mimi nimemaliza." Jua lilipopanda sikio likaachia, na ngozi ikaondoka na gundi. Akakaa na kidonda mara mbili.

Nikamsindikiza hospitali hapo Bukoba. Daktari ni binti mdogo, ana sauti ya upole lakini maneno yake hayana mzaha. Alimwangalia, akamwuliza, "Mama, hii ni gundi gani?" Mama Adela akaninyooshea mimi kidole, "Muulize huyu, ndiye fundi." Mimi na gundi tunajuana wapi. Alimrudisha nyumbani mpaka kidonda kipoe, ndipo tukaenda siku ya kushonwa. Mama Adela akanishika koti akakataa kuliachia, basi nikaingizwa na koti langu.

Hapo nikauliza lile swali la sikio lako, dada. Lilikuwa limeniiva. Nikasema, "Daktari, sikio likichanika, ukazibana pande mbili muda mrefu tu, kwa nini haziungani?"

Akasema, "Kwa sababu kila upande ukishapona unajifunika ngozi yake. Ngozi na ngozi hazishikani. Hata ukizibana mwaka mzima. Lazima tukate ule ukingo uliopona, tupate nyama mbichi pande zote mbili, ndipo tushone."

Nikamwambia, "Hiyo ni kubebesha parachichi."

"Parachichi?"

"Miche ya kubebesha. Ukichukua kikonyo kilichokauka ukakifunga kwenye shina, hakishiki hata uimbe. Lazima uchonge vyote viwili sasa hivi, vikutane bado vina maji."

Akacheka, akasema, "Basi umenielewa. Sasa nyamaza nidunge ganzi."

Ganzi ni sindano, na hiyo inauma, sikudanganyi. Mama Adela alinivuta koti mpaka kifungo kikatoka. Baada ya hapo akawa anapiga hadithi za bei ya dagaa huku anakatwa, hajui. Nilitegemea nizimie, lakini nilijikuta nimeinama kuangalia kama mtu anayeangalia saa inafunguliwa. Daktari alikata vipande vyembamba, vyembamba kama ganda la kitunguu. Akashona mbele, akashona nyuma. Nikauliza, "Na aliyerefuka tundu bila kuchanika?" Akasema hivyo hivyo, unachonga ule mduara kwa ndani, unafunga. Nikauliza, "Na usikivu?" Akasema, "Baba, kwani anasikilizia hapa chini?" Mama Adela akasema, "Daktari, mshone na yeye, mdomo."

Kipo kimoja ambacho najua unakiogopa, kwa sababu na mimi nakiogopa. Makovu ya mama. Lile la bega lililofura likawa kama kiazi, hata khanga inalikwaruza. Nilimweleza daktari bila kuficha. Akaacha kuandika akanitazama. Akasema ni vizuri kusema, kwa sababu makovu ya namna hiyo yanaweza kutembea kwenye ukoo, na sikio ni mahali yanapopenda. Akaniuliza kama wewe umewahi kuumia mahali pengine, kovu likakaaje. Nikakumbuka kidole gumba chako, ulichojikata na kisu kwenye ndizi, tukiwa bado kwa baba. Kovu lake limelala bapa, mtu halioni mpaka aonyeshwe. Na yale matundu yako ya kwanza hayakufura. Nikamwambia yote. Akasema hiyo ni dalili nzuri, lakini hawezi kuahidi kitu kwa mtu ambaye hajamwona. "Mlete nimwangalie. Kumwangalia si kumshona."

Nilipenda alivyosema hivyo. Mimi ningekuwa yeye ningeshaahidi, ndiyo tofauti ya daktari na muuza hereni.

Na nikuambie jambo litakaloniumiza mimi kibiashara. Ukishonwa leo hutavaa hereni siku ya harusi. Nyuzi zinatoka baada ya wiki moja hivi, lakini nyama inataka miezi ya kutulia, na ukija kutoboa tena si juu ya mshono, ni pembeni yake, na zile za duara kubwa ndiyo kwaheri. Hata za kubana daktari alikataa. Utakaa pale mbele na sikio zima lisilo na kitu. Mama Adela sasa ndivyo alivyo, na hajapata kuwa na raha hivi. Ukinunua dagaa zake unaonyeshwa na sikio, hulipii.

Najua utasema, "Mwanamke mzima, mjane, nishonwe sikio? Watasema natafuta bwana." Wakisema, wajibu ndiyo. Uone watakavyokosa la kuongeza.

Lakini dada, niweke utani chini kidogo, hata kama unaniuma mkononi. Tangu nitoke hospitali nakuwaza kwa namna nyingine. Nilifikiri nauliza habari za sikio. Kumbe nilikuwa nauliza unakaaje huko, ukioga, ukijitazama kwenye kioo cha mwanao, unageuza uso upande gani. Unalala na kilemba? Wajukuu wako wanajua? Hata siku moja sikuwahi kukuuliza. Tulikubana na kitambaa, tukarudi kwenye karanga. Nataka kujua, na hiyo si ya kuandikiana, ni ya kukaa kizingitini.

Na Koku hasubiri sikio. Nilimuuliza kabisa, "Shangazi yako akija nalo hivyo hivyo?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Kwani mimi naliona?" alisema. "Mimi namwona shangazi."

Sasa tufanye biashara, mimi na wewe, maana kuombana hatujui.

Wewe njoo kahawa ikiwa bado juani, siyo siku ya harusi. Tutakwenda kwa yule daktari, akuangalie tu. Akisema linashoneka na wewe ukataka, nitakaa mlangoni na koti la zamani. Akisema hapana, au wewe ukasema hapana, tutapita sokoni tukanywe chai, hakuna atakayelizungumza tena mpaka tuzikwe. Kwa vyovyote, siku ya harusi unakaa kushoto kwa Koku, kichwa wazi, mbele ya watu wote.

Kwa upande wangu, mshereheshaji nitamchagua mwenyewe, na atajua mapema kwamba masikio, vipara, mapengo na matumbo si mali yake siku hiyo. Halafu mimi, ambaye unajua nilivyo, sitatoa utani hata mmoja tangu maharusi wanaingia mpaka wanaondoka. Nitakaa kama ukuta. Watu wa Nshamba watafikiri nimefiwa. Nikiteleza, hata neno moja, simama, chukua kitenge chako, rudi Mwanza, na mimi nitakubebea begi mpaka stendi.

Wewe unaleta masikio, mimi naacha mdomo nyumbani. Ukikubali nipigie simu, na safari hii nikisema lile neno usikate.

Ni mimi mdogo wako, baba yake Koku.