Simba wa Mezani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiweza nijibu upesi, kwa sababu moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunidanganya.

Mimi ni mzee niliyesoma, nikaanzisha karakana ya kushona sare za shule, na jambo ninaloungama sijamwambia mtu: nilikuwa bosi mpole. Usicheke. Kazini sikumfokea mtu, niliwajua watoto wa kila fundi kwa majina, na chini ya dirisha niliweka benchi ambalo yeyote aliyeamka na moyo mzito alikwenda kulikalia bila kuulizwa, nami nikampelekea chai kwa mkono wangu, akimaliza anarudi kwenye cherehani yake, na nakuhakikishia hakuna shule iliyowahi kufungua milango ikiwa bado inangojea sare zangu. Lakini nyumbani nilikuwa mtu mwingine, maana marehemu baba yangu aliishi nasi, naye aliamini kwamba mwanamume asiyeogopwa ni kigoda, kila mtu atamkalia, basi kila tulipokaa kula alinitupia jicho akauliza, "Leo umemnyoosha nani?" nami kwa kumwogopa nikatunga: leo nimemfukuza fulani, leo yule ametetemeka hadi sindano ikamdondoka. Binti yangu alisikiliza mdomo wazi, kijiko hewani, akaniita simba, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona raha.

Sasa karakana ni yake, ingawa hakuwahi kufanya kazi chini yangu, na kila jioni huja kando ya kitanda changu kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani: "Baba, leo nimewanyoosha! Maongezi marufuku. Na lile benchi la dirishani, naona walijiwekea wenyewe ulipougua, nimelitupa stoo."

Juzi alikuja Mama Pasi, msimamizi wa wapiga pasi, eti kunijulia hali, akazunguka mbuyu weee mpaka akachoka mwenyewe. "Mzee, fundi mkataji amejikata kidole, akakifunga kitambaa akaendelea kukata. Tumejua tulipoona damu kwenye mashati meupe. Tumeyafua kimyakimya, bosi asijue. Hivi huyu mtoto kafundishwa na nani? Maana si wewe."

Nikageukia ukutani.

Na binti mwenyewe hana raha, amekonda, usingizi haupati, jana akaniuliza, "Baba, wewe ukishawafokea ulikuwa unalalaje?" nikamjibu kwamba mtu huzoea. Nikimwambia ukweli namnyang'anya baba anayejivunia, tena namwambia kwamba mateso yake yote ameyafuata kwenye uongo wangu. Nikinyamaza nitazikwa na heshima zangu zote huku mafundi wakificha vidole. Nifanye nini?

Ni mimi, Simba wa Mezani.

Mshauri anajibu

Shikamoo, mzee wangu. Uliniambia nisicheke, nimecheka. Kisha nimefika kwenye kile kidole, nikaacha.

Sasa niruhusu nikuseme kidogo. Wewe ulificha upole wako kwa kumwogopa baba yako. Fundi mkataji anaficha jeraha lake kwa kumwogopa binti yako. Ugonjwa ni ule ule, umebadilisha nyumba tu. Mtu mwenye hofu huficha, na bosi anayefichwa mambo haongozi, anapapasa.

Wala usinidanganye kwamba kimya chako kinamlinda mwanao. Swali lile la usingizi halikuulizwa na mtu anayejivunia simba. Liliulizwa na mtu aliyechoka, anayetafuta mlango, nawe ukamfungia kwa neno moja. Hapo nimekukasirikia kweli.

Lakini mzee, unaona haya ya bure! Watu walikaa wakapumua, wakarudi kazini wakashona, sare zikatoka kwa wakati. Unajua wangapi wanaandika hapa wakitafuta bosi wa namna hiyo? Hilo ndilo la kumrithisha mwanao, vyerehani ni chuma tu.

Basi fanya hivi. Leo, tena kabla ya chakula cha mchana, mtume mtu kwa Mama Pasi: kidole kile kifike zahanati, na habari ya mashati yenye damu isemwe wazi. Akiulizwa na bosi, aseme ni amri yako. Wa kufokewa uwe wewe, umelala tayari. Mwambie pia alitoe lile benchi stoo, liletwe hapo chumbani kwako.

Jioni binti akiingia, mketishe kwenye benchi hilo. Mwe wawili tu. Sidhani uliwahi kumrekebisha fundi mbele ya wenzake, usianze na mwanao. Mweleze nani aliliweka benchi na kwa nini, mweleze na habari ya babu yake na lile swali la mezani. Usipambe, ulishapamba ya kutosha. Akikasirika ana haki, mwache. Akilia, mwache. Usijaribu kumfokea, ufundi huo huna, umeungama mwenyewe.

Akinyamaza, mmiminie chai. Najua utamimina ukiwa umelala, na nyingine itaishia kwenye sahani. Mpe hivyo hivyo, na usimuulize kitu, kama ulivyokuwa ukifanya.

Benchi lirudi dirishani kesho asubuhi. Alibebe yeye.