Kapitolina Savelyevna, Mpakaji wa Mtungi wa Jogoo

Ni mwaka mmoja sasa, Bibi, tangu tukurudishe udongoni. Siku ile tulikuwa bado tunakula ngano ya kuchemsha yenye asali, chakula cha matanga yako, mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mzee tusiyemjua, koti la sufu hadi visiginoni. Akajitambulisha: Vadim Erastovich Lunin, msanii, kutoka Moscow. Kumbe ndiye. Miaka thelathini na moja jina lake limekaa chini ya kazi yako, naye hakuwahi kukanyaga kizingiti chako.

"Poleni," alisema. "Kapitolina alikuwa mkono wangu."

Shangazi Raisa akaweka kijiko chini. "Mkono? Mkono huo ulikuwa na kichwa, au ulining'inia tu begani kwako?"

Hakuja kulia. Alikuja na karatasi. Mtungi wa jogoo ulikuwa unakwenda makumbusho, na mtu huko alikuwa ameuliza nani aliupaka. Alitaka baba, mwanao Gordei, atie saini kwamba ni kazi ya Lunin peke yake.

"Ni utaratibu tu, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Kula, kunywa, nenda."

Baba hakutia saini. Mtungi ukawekwa makumbusho hata hivyo, na kibao chake kina jina moja.

Sisi tunajua, Bibi. Jogoo ambaye Lunin alimchora kwenye karatasi alikuwa na mkia wa manyoya membamba kama nyuzi. Karatasi haichomwi tanurini. Kobalti, rangi yetu ya bluu, ikipakwa ni nyeusi kama masizi. Bluu yake huijua fundi tu kabla ya moto, na nyuzi zile zingetoka motoni zimekuwa doa. Uliutupa mkia wake, ukapaka wako kwa mapigo saba, brashi imejaa rangi upande mmoja, giza likififia taratibu hadi weupe. Huo ndio mkia ambao watu wanaupiga picha.

Lakini katika kiwanda cha vyombo ulikofanya kazi, chombo cha kwanza, cha mfano, huandikwa jina la msanii aliyekichora tu. Alama ya mpakaji huwekwa kwenye nakala. Kwa hiyo nakala elfu moja zinakujua. Mtungi ule uliouzaa wewe haukujui.

Hukuwa mtu wa kununa. Uliwapelekea mafundi wa tanuri mikate iliyojazwa kabichi, ikiwa bado moto. Chai uliimimina kwenye kisahani, ukainywa kwa sauti. Wasichana wapya uliwaambia: "Usiibane brashi, mwanangu, si shingo ya kuku." Padri anatuomba tumsamehe Lunin kwa ajili yako. Tumejaribu. Hatujaweza, na hatutadanganya katika tangazo hili la gazetini.

Mimi, mjukuu wako, bado naamini kwamba msanii na fundi wanaweza kukaa chini ya chombo kimoja bila kusukumana. Wiki yako ya mwisho hospitalini uliniuliza, "Taisia, ukipata chombo chako cha mfano, utaandika nani?"

"Wote, Bibi."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

Ukacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.

Mwezi wa tano, nikiwa nimemaliza chuo na niko kwenye majaribio kiwandani kwako, nilipewa kibakuli cha siagi nikichore, chombo changu cha kwanza cha mfano. Niliandika chini yake: Prokhor, aliyekiumba, Lukerya, aliyekipaka, Taisia, aliyekichora. Mkuu wa kamati inayopitisha vyombo vya mfano akanisogezea sifongo iliyoloa.

"Futa hayo majina mawili ya mafundi kabla ya moto, binti, na kesho unasaini mkataba wa kazi. Usituletee ukaidi wa bibi yako."

Nilikuwa nimeutaka mkataba ule tangu utotoni. Nilikibeba kibakuli mwenyewe hadi tanurini. Kimetoka na majina yote matatu, bluu kabisa. Mkataba sikupewa.

Wanaokukumbuka ni mwanao Gordei, binti yako Raisa, mjukuu wako Taisia, na Prokhor na Lukerya wa kiwandani, ambao wameomba nao waandikwe. Maisha yetu yote, Bibi, hutatutoka moyoni.