Jalada la Kitabu cha Marehemu

Sellah wee, yule mzee wa kanisa Masinde alitaka kuchoma kitabu cha nyimbo cha marehemu bwanangu. Leo asubuhi, mbele ya akina mama wote, hata wageni wa Khwisero.

Ati kuchoma!

Unajua vile mimi hufunika vitabu. Kalenda ya 1995 ilitosha Biblia tu, kwa hivyo hiki nikakifunika na karatasi ya yunivasiti ya msichana wangu Nanjala. Mzee akaona yale maandishi yake ya alama za ajabu. "Mama Nanjala, hii ni dawa ya mganga."

Nanjala akasimama. "Hapana, mzee. Ni hesabu ya vile vitu vidogo kabisa vinavyounda kila kitu."

"Inaeleza kila kitu?"

"Karibu. Lakini haijui kwa nini pera linaanguka hapo nje."

Mzee akachungulia mpera dirishani.

"Haijui kwa nini pera linaanguka?"

"Haijui, mzee. Hata walimu wetu bado wanatafuta jinsi ya kuingiza nguvu ya mvutano humo."

Akanirudishia kitabu. Akasema dawa ya namna hiyo haiwezi kudhuru mtu.

Mimi nimeshukuru Mungu, nikageuza karatasi, maandishi yakaingia ndani. Hesabu sasa inatazama nyimbo.