Usitie Sahihi Kabla Hujachomoa Betri

International City,
Dubai.
12 Desemba 2014

Mpendwa Dada Edna,

Shikamoo. Naanza na hilo maana nakujua, nikilisahau utaikunja barua kabla hujafika mstari wa pili. Hamjambo huko Ho, na Ghana yote? Mgongo wa Shemeji Selorm umepata nafuu? Na Precious, meno ya mbele yameota, au bado anacheka huku ameziba mdomo? Ule ugonjwa wa nchi jirani zenu tunausikia redioni kila siku, na wakitaja tu Afrika Magharibi roho yangu inaruka, ingawa umeshanieleza kwamba kwenu haujafika. Nawa mikono, dada. Usinicheke.

Mimi mwili ni mzima. Uchovu ndio umekuwa mwenyeji wangu. Tangu ghala lipate kazi hii kubwa tunaondoka alfajiri kuwahi basi la kwenda metro, na tukirudi hata kuvua viatu ni kazi nyingine. Juzi nimelala nimekaa, kijiko mkononi. Sikuelezi ili unionee huruma, nakueleza ili ukiona mwandiko umepinda usifikiri nimeanza kunywa.

Bado naishi "Uingereza". Majengo ya huku wameyapa majina ya nchi, na sisi tumeangukia hiyo. Mama nilipomtajia kwenye simu akawatangazia jumuiya nzima kwamba Severin amehamia Uingereza, wakanipigia vigelegele. Sijapata nguvu ya kumsahihisha. Tuko sita chumbani. Wawili kati yao nitawataja humu: Hamuza, Mganda, ambaye kazini tunatumia meza moja, na Khalfan wa Unguja, mpishi wa mgahawa kule Karama.

Mama kanitumia senene, kopo zima, kwa mkono wa mtu aliyetoka Bukoba. Hamuza alipoliona karibu alie, kumbe kwao Masaka nao ndio chakula cha heshima. Khalfan alihamisha sahani yake akaenda kula mlangoni. Nimekuwekea fungu dogo, lipo pamoja na barua hii. Shemeji akikataa, mwambie hata sisi konokono wao tunawaangalia hivyo hivyo.

Leo ni Ijumaa, ndiyo Jumapili yetu huku. Nimetoka misa sasa hivi. Samuel, Mghana ninayeimba naye kwaya, anarudi kwao Jumatano na ameahidi kukufikishia barua hii mkononi. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama zamani. Simu zetu kazini huachwa getini, na neno hili sitaki lipite kwenye simu. Lisome ukiwa peke yako, lisome mpaka mwisho, na usitie sahihi mahali popote kabla hujamaliza.

Nazungumzia hati ya kupokea kompyuta.

Barua yako ya Agosti bado ninayo, imechakaa kwenye mikunjo. Uliniandikia kwa furaha kwamba ile sera ya taifa ya teknolojia kwa maendeleo, ambayo mmekuwa mkiisikia kwenye hotuba tu, sasa imefika wilayani: shule yenu kompyuta arobaini, na shule ya rafiki yako Mwalimu Desire, upande wa pili wa mji, arobaini. Kwamba wazazi wamefyatua matofali wenyewe, na mzee mmoja ameuza mbuzi ili dirisha lipate nondo. Kwamba wewe ndiye katibu wa kamati ya mapokezi shuleni kwenu, na Desire kwao. Na kwamba shule ikishasaini inahesabiwa imepata, zamu hairudi tena.

Ukanitumia na nakala ya sera. Niliisoma kwenye basi siku nne. Maneno mazuri, dada, siyasemi vibaya. Kila ukurasa kuna kijana atakayeinuliwa na kijiji kitakachounganishwa. Hata kwetu tunazo za namna hiyo, na waliokaa kuziandika nadhani walimaanisha. Ila nilitafuta mahali walipoeleza kompyuta hizo zitatoka wapi, na nani atazishika kabla hazijafika kwa mtoto, sikupaona. Zinatoka Al Quoz, kwenye ghala letu. Anayezishika ni mimi.

Uliwaambia wanafunzi wako kwamba una mdogo wako Dubai, fundi, ambaye akiwa na miaka tisa alifungua redio ya Baba. Ukaacha kuwaambia kwamba redio haikufungika tena, na kwamba Baba aliporudi ulisema ni wewe. Fimbo zile nilizisikia nikiwa nyuma ya jiko. Miaka ishirini na miwili imepita na hatujawahi kuzizungumza.

Sasa sikiliza kazi yetu ilivyo. Ghala linanunua kompyuta mpakato zilizochoka kwenye maofisi ya Ulaya. Mimi na Hamuza tunaziwasha moja moja. Inayofanya kazi tunaichora mgongoni alama ya vema kwa chaki, iliyokufa tunaichora kosa, kama wewe unavyosahihisha madaftari. Zilizokufa tunaziita marehemu. Vema zinauzwa, marehemu zinakwenda kwa wauza vipuri. Ni kazi ya halali, na kwa miaka mitatu niliifanya bila aibu.

Oktoba mzabuni mmoja akaleta oda kubwa ya shule za Ghana. Idadi aliyotaka hatukuwa nayo, siku alizotoa hazikutosha. Arbab, ndivyo tunavyomwita bosi huku, akaja mezani kwetu na chupa ya spiriti na furushi la vitambaa. Akasema, "Yalla, futa chaki yote. Nzima na mbovu, funga pamoja. Khalas." Hamuza akamuuliza kama hakuna atakayekagua. Akacheka tu.

Mkaguzi alikuja. Aliwekewa mashine kumi mezani, aziwashe. Zile kumi nilizichagua mimi, dada, na niliambiwa nichague vizuri. Ziliwaka zote. Akasaini hapo hapo, macho mekundu kwa usingizi wa ndege, akauliza choo kiko wapi. Hata hasira naye sikuwa nayo.

Tukafuta chaki wiki tatu. Makontena mawili yakaondoka. Nataka nikuambie ukweli hapa, kwa sababu ndipo panaponiuma: sikuhisi kitu. Niliwaza mgongo wangu na chakula cha jioni. Makasha yalikuwa na majina ya miji nisiyoweza hata kuyatamka, na asiyekuwepo na lake halipo. Wala sikumkumbuka mwalimu yeyote.

Halafu wiki iliyopita, Jumatatu, tukaletewa makasha mawili yaliyopigwa rangi jina la Ho. Moja lina jina la shule yako. La pili lina jina la shule ya Desire. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni nikakaa huko mpaka Hamuza akanifuata.

Mashine themanini zilikuwa mezani, na alama za chaki zilikuwa bado hazijafutwa. Arobaini na tatu nzima. Thelathini na saba marehemu. Zilitakiwa zichanganywe ovyo ndani ya makasha yote mawili. Hamuza, ambaye ana dada watano na anawapenda wote, akaniambia, "Ssebo, huyu si ni dada yako kabisa? Yeye weka yake mizuri mizuri. Nani atajua?"

Nikaweka. Arobaini zako zote ni nzima, Edna. Nimezisafisha kwa mkono wangu, nimebadilisha hata kibodi mbili zilizokuwa zinakwama. Ukichomoa betri, mahali inapokaa utaona alama ya vema kwa penseli. Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi, nikasema damu nzito kuliko maji, na ya redio leo nimeilipa.

Kasha la Desire lina nzima tatu.

Ijumaa iliyopita, tukila wale senene, nikawasimulia wenzangu kama habari njema. Hamuza akanipigia makofi. Khalfan alikuwa pale mlangoni na wali wake. Akauliza taratibu, kwa ule upole wao wa Unguja, "Na hao wa kasha la pili, wao hawana kaka Dubai?" Akaenda kuosha sahani yake, na mimi senene wakanishinda.

Uliwahi kuniandikia kwamba Precious alipozaliwa na mvua imekata barabara, ni Desire aliyekuja kwa miguu kukusaidia. Nilikuwa nimesahau. Au sikusahau, nilijifanya.

Jumamosi nikawahi kazini. Makasha yalikuwa yamefungwa mikanda lakini hayajapakiwa. Nikamwambia msimamizi kuna chaja imesahaulika, akaniruhusu kulifungua la Desire, akaenda zake kunywa chai. La kwako lilikuwa pembeni yake, hatua mbili. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kubadilisha, ishirini huku na ishirini kule, nirudishe haki. Nilisimama katikati ya makasha na mkasi mkononi. Nikakuona wewe mbele ya wazazi waliofyatua matofali, unabonyeza, haiwaki. Sikubadilisha. Nitakuwa mwongo nikisema nilikosa nafasi. Nilishindwa, basi.

Nilichofanya ni kingine. Kila mashine iliyokufa ya Desire nimeichomoa betri, na pale chini sikuchora kosa, maana alama ya kosa mtu anaweza kusema ilitoka kiwandani. Nimeandika kwa wino usiofutika: "Hii ilikufa kabla ya kusafiri. Severin Kagaruki, Dubai, 6/12/2014." Mara thelathini na saba. Vidole viliniuma kama nilipokuwa darasa la kwanza.

Meli imeondoka Jumanne. Itafika bandari yenu ya Tema katikati ya Januari, barua hii itaitangulia. Uliniambia siku ya mapokezi huhesabiwa idadi tu, na umeme kwenu ukija leo, kesho haupo, kwa hiyo hakuna atakayewasha kitu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii wameipimia ifike hadi kwenye sahihi yako na ya Desire, iishie hapo. Baada ya hapo mtaambiwa walimu wameharibu.

Sasa una uwezo wa kunyamaza. Utasaini kwa haki, zako zitawaka, wazazi watacheza ngoma, na hakuna atakayekulaumu. Desire atasaini siku hiyo hiyo. Sikuamulii. Lakini ukiniuliza ninachotamani, natamani uende kwake na barua hii, mchomoe betri pamoja mbele ya kamati zote mbili, na asisaini yeyote kati yenu. Najua ni kukuomba uhatarishe kompyuta arobaini nzima nilizokutafutia mwenyewe. Nilitaka kukupa zawadi, nimekutwika mzigo. Nisamehe.

Habari ikirudi huku, arbab anaujua mwandiko wangu, na pasi yangu ya kusafiria iko kwenye droo yake. Hamuza nimemwambia aseme hakuwepo siku ile, amekataa, amekasirika hata kwa kuombwa. Mimi nikirudishwa, nitarudi Bukoba kumsaidia Mama kuvuna kahawa, na nitalala. Wallahi dada, nitalala wiki nzima. Khalfan ananiambia nimeshaanza kuapa kama wao.

Msalimie sana Shemeji Selorm, mbusu Precious, na Mwalimu Desire mpe salamu zangu kabla hujampa habari zangu. Samuel umpe maji na chakula, ni mtu mwema na hajui alichobeba. Mama anawaombea kila jioni, ninyi pamoja na Uingereza yangu.

Neno la mwisho, na hili ni amri ingawa mimi ni mdogo wako. Watakapouliza ni nani, nakujua, utatafuta namna ya kunificha. Jina langu nimeliandika mara thelathini na saba ili usipate njia hiyo. Ya redio ulisema ni wewe. Hii usiseme.

Mungu akupe Noeli yenye amani, na akulinde na mkono usiotetemeka, kama huu wangu siku za kufuta chaki.

Mdogo wako akupendaye,

Severin