Mgeni Aliyeambiwa Aketi

Jumapili, Agosti 1978

Na shati nililipiga pasi mpaka kola ikasimama! Nilipanda mlima wote wa Kilungu kwa sababu ya Mwende tu, anaimba kwaya kule. Nilitaka babake, mzee wa kanisa, aone mimi pia ni mtu wa maana.

Wageni wakaambiwa wasimame wasalimie kanisa. Nikawa wa kwanza, mimi tena! "Bwana asifiwe! Naitwa Mutua kutoka Salama, nimeokoka."

Sijaokoka. Lakini kila mgeni husema hivyo.

Wakaitikia amina, wakaanza makofi. Babake Mwende akainua mkono. "Ngojeni. Huyu si mgeni. Mamake ndiye anayewapikia vijana wetu pombe ya kaluvu. Keti, kijana."

Kanisa zima likacheka, hata watoto. Pombe hiyo ndiyo iliyoninunulia shati, na mama hajawahi kumcheka mtu.

Baada ya ibada wageni walipewa chai nje. Nikajipanga nao, kichwa juu. Mwende ndiye aliyekuwa na birika. Angenimiminia hata nusu kikombe, ningesahau yote.

Alinipita. "Hii ni ya wageni," akasema, na sauti yake bado tamu.