Hereni Moja ya Mama

Baba yangu,

Jana nilivunja amri yako. Nilifungua kompyuta yako, ile ambayo hukuruhusu mtu aiguse hata kwa kitambaa cha vumbi. Usinikasirikie. Ni Mama aliyenituma.

Unakumbuka duka letu la kutengeneza kompyuta kule Rongo? Ulikuwa na mikebe miwili ya majani chai, mmoja wa vipuri vizima, mwingine wa vilivyokufa. Huo wa vilivyokufa ulikuwa mali yangu. Nilitoboa vitufe vya kibodi nikatunga bangili, nikaivaa hadi shuleni, na wewe ukacheka mpaka bisibisi ikakutoka mkononi.

Halafu ikaja Jumapili ya mavuno. Nikamtengenezea Mama hereni za memori, vile vijibao vya kijani vyenye meno ya dhahabu. Akaingia kanisani shingo juu, kwaya nzima ikigeuka. Aki, nilijua wapi kwamba ulifagia rafu ukabadilisha nafasi za mikebe? Wakati wa sadaka, karani wa shule akakunong'oneza kwamba anakuja kuchukua kompyuta yake baada ya ibada, mitihani ya Jumatatu imo ndani. Ukageuka ukamtazama Mama masikioni, zilikoning'inia memori za mashine hiyo. Weuh! Jasho lilikutoka.

"Mama Akinyi, hebu nipe sikio la kushoto."

"Mbele ya watu, wewe mzee?"

Akakupa. Moja ilitosha kuwasha mashine ya karani, na ile nyingine akakatalia nayo, akatembea Rongo nzima na hereni moja akisema ndiyo mtindo.

Nilingoja kuchapwa. Badala yake ulinikalisha mezani ukaniambia, "Usikate kitu hujakipima." Ni hayo tu. Leo nina meza yangu hapa Migori, mabibi harusi wananiagizia mikufu ya vipande vya bodi, na kila kipande nakipima kwanza. Ungeniona ungeringa, najua.

Sasa Jumamosi tunakuja kwako Homa Bay kukuwekea msalaba mpya, na Mama anataka kuvaa kitu kilichotoka kwenye kompyuta yako. "Zifanane na zile," aliniambia. Baba, sikuifungua papo hapo. Mle ndani ndimo zilimo picha zako, na sauti yako ukiimba besi na kukosea maneno. Niliogopa nikiharibu nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Nikatoa memori zako mbili, nikazipima moja moja. Ya kwanza, kimya. Nikachomeka ya pili, mashine ikapiga ule mlio wake mmoja, feni ikazunguka, na Mama akatokea pichani kwenye kioo cha kompyuta akiwa msichana, kule kwao Kegonga, anamcheka aliyeshika kamera. Ulikuwa wewe, bila shaka. Nililia na kucheka kwa pamoja.

Kwa hiyo ile nzima nimeiacha kazini, na ndiyo inaniandikia barua hii. Ile iliyokufa nimeitengeneza hereni. Leo asubuhi nimempelekea Mama, nikamwomba anisubiri nitafute nyingine ya kufanana nayo.

Akaivaa sikio la kulia, akaligusa la kushoto.

"Nyingine ya nini? Hili nilishampa baba yako."

Basi usishangae ukimwona Jumamosi. Tuandalie kivuli, Baba.

Binti yako, mwizi wa mkebe