Kwa Nini Jeni ya Macho Mekundu Inaitwa Nyeupe

Mjukuu wangu Kokushubira,

Hapa Kanazi tu wazima. Bibi yako anaanika kahawa na anakusalimu. Umeuliza kwa nini jeni inayowapa inzi wa matunda macho mekundu inaitwa "nyeupe". Umenirudisha Kashozi, kidato cha sita, tulipofuga inzi hao chupani kwa ndizi mbivu.

Asubuhi moja nilimwona dume mwenye macho meupe. Nikadhani anaumwa, nikafungua chupa nimtoe, kama tulivyong'oa mibuni iliyougua.

"We! Huyo ndiye habari yenyewe!" Mwalimu alininyang'anya chupa. "Wote wangekuwa na macho mekundu, nani angejua kuna jeni hapo?"

Akaandika ubaoni: jeni hubeba jina la kasoro iliyoifichua, ile isiyo na kasoro hubeba jina hilohilo na alama ya kujumlisha. Hata mimi, miaka yote niliyokuwa mwandishi wa gazeti, sikuwahi kuandika kwamba meli imefika salama; habari ilikuwa ile iliyozama.

Tulimweka dume na majike wenye macho mekundu. Watoto wote wakawa na macho mekundu, na darasa likaninunia kana kwamba mimi ndiye niliyeyapoteza yale meupe. Lakini kwa wajukuu wa dume yule, macho meupe yakarudi! Tulipiga kelele mpaka wanafunzi wa darasa la jirani wakaja kuuliza nani kafunga bao.

Babu yako